Pointi Zilizotulisha

Mafundi wa rika langu hapa Gerezani wana desturi ya kuyalilia magari ya pointi. Ikija Toyota IST inayomisi, kijana akachomeka mashine na mashine ikataja silinda ya tatu, utamsikia mzee mmoja akiguna: hii nayo kazi? Zamani fundi alitambua kwa sikio! Sikubaliani nao, ingawa mikono yangu nayo ilianzia kwenye distributa za Peugeot 504 na Datsun 120Y. Pointi zilikuwa kilema cha gari, na kilema hicho ndicho kilichotulisha.

Betri ina volti 12. Kwa volti hizo cheche haiwezi kuruka pengo la plagi hapa nje, sembuse ndani ya silinda ambamo petroli na hewa vimeshindiliwa. Koili ndiyo inayozipandisha. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme ukipita kwenye ule mnene kisha ukakatwa ghafla, ule mwembamba hutema volti 20,000 na zaidi. Kila kitu kimo katika kule kukatwa. Ni nani anayekata, na kwa wakati gani? Swali hilo limewasumbua watengeneza magari tangu mwanzo.

Karl Benz, aliyeomba hataza ya gari lake Januari 1886, aliuona moto kuwa tatizo linalozidi matatizo yote. Koili yake ilikuwa na ulimi wa chuma uliotetemeka wenyewe, ukikata na kuunga umeme mfululizo. Henry Ford alitumia mtindo huo kwenye Model T ya mwaka 1908: kasha la mbao mbele ya dereva, ndani yake koili nne zikivuma, kila silinda na yake. Kule Stuttgart, Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch, alikuwa ameshapata jibu jingine mwaka 1902, magneto ya volti kubwa isiyohitaji betri, pamoja na plagi ya kwenda nayo. Plagi ile ukipewa leo utaitambua bila kuambiwa. Ganda la chuma lenye uzi, kauri katikati, ncha zinazotazamana. Kauri imeboreshwa na madini ya ncha yamebadilika, lakini umbo ni lile lile.

Halafu akaja Charles Kettering wa Ohio. Cadillac ya mwaka 1912 ilitoka na stata ya umeme aliyoibuni, na moto wake wa betri, koili na pointi ukaenea hadi magneto ikabaki kwenye ndege, pikipiki na mashine za kukatia majani. Mfumo huo ndio tulioupokea sisi. Shafti ya distributa inazunguka, nundu zake zinazisukuma pointi zifunguke, umeme unakatika, koili inatema, rota inaugawa moto: moja, tatu, nne, mbili. Mpangilio huo kila utingo aliujua kabla hajajua kuendesha.

Sasa piga hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 6,000. Kila zikifunguka, kicheche kidogo kinazila. Upande mmoja panachimbika shimo, upande wa pili panaota kinundu, na kondensa ikiwa mbovu zinaungua kwa muda mfupi. Kile kipande kinachosugua nundu nacho kinalika, pengo linafumba, moto unachelewa, gari linakosa nguvu mlimani. Dawa yake ilikuwa msasa, fila geji na milimita 0.4. Mteja alilipa, akaondoka amefurahi, na baada ya muda alirudi, kwa sababu ilikuwa lazima arudi.

Masika yalituongezea wateja. Kifuniko cha distributa chenye ufa kikiingia unyevu, gari haliwaki. Tulifungua boneti usiku, tukazima taa, tukatazama cheche za buluu zikitembea juu ya waya za plagi kuelekea kwenye bodi. Hapo hukuhitaji kipimo.

Desturi ya kusafisha plagi, ambayo mpaka leo inanipa shida na wateja, ilishika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka na vipuri vikawa adimu. Plagi ilipigwa brashi ya waya, ikaoshwa kwa petroli, ikakazwa pengo, ikarudishwa hata kama ncha yake imekuwa mviringo. Tulizisoma pia kwa rangi. Rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia ilikuwa ya injini nzima, masizi meusi yakamaanisha kabureta inamwaga. Usomaji huo ulibadilika petroli yenye risasi ilipoondolewa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na ilipoingia 2006 risasi ilikuwa imetoka kwenye pampu.

Transista zilikuwa zimeshaziua pointi. Chrysler walizitumia kwenye magari yao ya Marekani kuanzia 1973, Wajapani nao wakafuata. Hatimaye hata distributa ikaondoka. IST, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake. Tumerudi kwenye kasha la Ford, ila sasa anayekata umeme ni kompyuta.

Ndiyo maana nawakatalia wanaotaka plagi za iridiamu zisuguliwe. Ncha yake inaweza kuwa nyembamba kufikia milimita 0.4, na brashi ya waya inaiharibu. Plagi iliyochakaa pengo lake hupanuka, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi kila mara, na mwishowe koili ndiyo inayokufa. Mtu ameokoa bei ya plagi, ananunua koili. Ninapoichomoa koili natafuta ufa, alama nyeupe za moto uliotoroka, na oili iliyovuja kutoka kwenye sili za kifuniko cha vali ikajaa kwenye shimo la plagi.

Na yule mzee anayeguna nimemwonyesha. Hamisha koili ya silinda ya tatu uipeleke ya pili. Mashine ikianza kuitaja ya pili, koili ni mbovu. Ikiendelea kuitaja ya tatu, katafute kwenye plagi, injekta au vali. Ndiyo akili ile ile tuliyotumia kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikiunguruma, isipokuwa siku hizi hupigwi shoti.