Nadia, Tumaini au Kabula?

 

Juzi dada kapiga simu kutoka nyumbani Mkula. Kajifungua mtoto wa kike, na anataka amwite Nadia. Bibi kagoma kabisa. "Nadia? Mnanadi kitukuu changu kama ng'ombe wa mnadani?" Yeye anataka Kabula, maana siku ile mvua ilinyesha kutwa, na kwa Kisukuma mbula ni mvua. Basi kesi ikaletwa kwangu: "Wewe ndiye msomi, tuambie hilo jina lina maana gani." Ikabidi niende maktaba.

Kumbe bibi hakukosea sana. Nadia wapo wawili. Wa Kiarabu mzizi wake ni kuita na kutangaza, hukohuko tulikotoa kunadi na mnada, ingawa wengine hulihusisha na umande. Nadia wa pili ni wa Kirusi, kifupi cha Nadezhda, maana yake tumaini.

Historia yake ni tamu. Kanisa la Othodoksi husimulia habari za mabinti watatu waliouawa Roma kwa ajili ya dini: Pistis, Elpis na Agape, mama yao Sofia. Ni maneno ya Kigiriki, yaani Imani, Tumaini na Upendo. Waslavoni walipopokea Ukristo hawakuyabeba vilevile, waliyatafsiri: Vera, Nadezhda, Lyubov. Mpaka leo sikukuu yao huko Urusi ni Septemba 30. Mke wa Lenin, Nadezhda Krupskaya, aliyezaliwa 1869, naye alikuwa Tumaini tu!

Aliyelitangaza hilo jina dunia nzima ni Nadia Comăneci wa Romania. Mama yake alilipata kwenye filamu ya Kirusi. Julai 18, 1976, kule Montreal, binti huyo wa miaka 14 alipata alama 10 kamili katika jimnastiki, ya kwanza katika Olimpiki. Ubao ukaonyesha 1.00 kwa sababu haukutengenezwa kuonyesha 10! Sisi Watanzania hatukuwepo. Tulisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu, na New Zealand haikufukuzwa mashindanoni. Filbert Bayi akabaki nyumbani, na John Walker wa hukohuko New Zealand akachukua dhahabu ya mita 1500.

Nikapiga simu nyumbani, nikawapa lekcha yote. Bibi akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa kama ni Tumaini, kwa nini msiseme Tumaini?"

Wadau, nilikosa jibu. Nikakumbuka ubatizo wa dada mwenyewe. Jina lake la Kisukuma liliachwa mlangoni, kwenye cheti likaandikwa la kigeni. Bibi hajasahau. Hao Waslavoni waliona neno la kwao linatosha kubatiziwa. Sisi maneno tunayo, Imani, Tumaini na Upendo wamejaa kila darasa, lakini Kabula bado tunamwona mshamba, kama vile mvua haitoki kwa Mungu.

Mpaka naandika hapa, dada anamwita Nadia, bibi anamwita Kabula, na mtoto anawalilia wote wawili. Mimi kura yangu nimempa bibi. Ninyi je?