Wasifu bila idhini: Kitabu cha udaku kina thamani gani?

WASIFU usio na idhini ni kitabu cha maisha ya mtu mashuhuri kilichoandikwa bila mhusika kushirikishwa, na mara nyingi kinyume cha matakwa yake. Mwandishi hapewi mahojiano wala hafunguliwi kabati la barua. Huwaendea majirani, mtumishi aliyefutwa kazi, mtalaka na jamaa walionuniana, kisha huchambua rekodi za mahakama. Vitabu hivi hunoga zaidi vinapomhusu mtu ambaye bidhaa anayouza ni maisha yake mwenyewe: meza yake, bustani yake, mapishi yake, na namna anavyopanga sebule.

Katika Kiswahili, maneno wasifu na sifa yana shina moja la Kiarabu, na waandishi wengi wameuheshimu udugu huo. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alimwonyesha mwimbaji huyo wa Zanzibar kama kielelezo cha bidii na utu. Hakwenda kuwasaka mahasidi wake. Kazi ya kuwasaka mahasidi imeachiwa magazeti ya udaku, ambayo Tanzania ina mengi. Marekani, udaku huohuo hutiwa jalada gumu na kuuzwa kama historia.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Martha Stewart, aliyezaliwa mwaka 1941 katika familia yenye asili ya Poland na kulelewa Nutley, New Jersey. Kitabu chake cha 1982, Entertaining, kilifunza namna ya kukaribisha wageni. Jarida lake lilianza mwaka 1990, na Oktoba 1999 kampuni yake, Martha Stewart Living Omnimedia, iliingia katika Soko la Hisa la New York. Tangu siku hiyo tabia ya mwanamke mmoja ikawa sehemu ya mali ya wenye hisa.

Jerry Oppenheimer alikuwa ametangulia mwaka 1997 na kitabu Just Desserts, kilichomchora Martha kama mtu mkali nyumbani na kazini, tofauti kabisa na utulivu wa kurasa za jarida lake. Mwaka 2002 Christopher Byron, mwandishi wa habari za biashara, alitoa Martha Inc., ambacho mwaka uliofuata kiligeuzwa filamu ya televisheni. Vitabu hivyo havina uzito sawa. Cha kwanza kinaegemea mno ndoa na ugomvi. Cha pili nacho hakikosi porojo, lakini angalau kinatazama jinsi kampuni nzima ilivyofungwa kwa jina la mtu mmoja, jambo ambalo mnunuzi wa hisa alihitaji kulijua.

Desemba 27, 2001, Martha aliuza hisa 3,928 za kampuni ya dawa ya ImClone, siku moja kabla ya habari mbaya kuihusu kutangazwa, akaepuka hasara ya takriban dola 45,000. Machi 2004 alipatikana na hatia ya kula njama, kuzuia haki na kuwadanganya wapelelezi, akatumikia kifungo cha miezi mitano katika gereza la Alderson, West Virginia. Baada ya hukumu ilikuwa rahisi kusoma upya kila umbeya wa jikoni kana kwamba ulikuwa utabiri. Haukuwa. Mtu anayewafokea wapishi wake hajathibitishwa kuwa mwongo mbele ya serikali. Mwaka 2024 filamu ya maisha yake, ambayo yeye mwenyewe alikubali kuhojiwa, ilipotoka, Martha aliilalamikia hadharani. Idhini haimalizi manung'uniko.

Oprah Winfrey alijikinga mapema. Mwaka 1993 aliondoa tawasifu yake kabla haijachapishwa. Wafanyakazi wake walitia saini mikataba ya kutotoa siri isiyo na kikomo, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Illinois iliutambua mkataba wa aina hiyo dhidi ya mfanyakazi wa zamani aliyetaka kuandika aliyoyaona. Kitty Kelley alipochapisha Oprah: A Biography mwaka 2010, alijivunia mahojiano 850. Idadi hiyo inatisha, lakini inafaa kuuliza mahojiano mangapi yalikuwa na watu waliokuwa na sababu ya kuchukia, na mangapi yanarejelea tukio moja lilelile. Pale penye tarehe, jina la shahidi na hati, kitabu kinasimama; pale penye "rafiki wa karibu" asiye na jina, msomaji afurahie hadithi bila kuiapia.

Waandishi wa Marekani hupata ujasiri kutokana na sheria. Tangu uamuzi wa 1964 katika kesi ya Sullivan, uliopanuliwa mwaka 1967, mtu mashuhuri anayedai kashfa sharti athibitishe kwamba mwandishi alijua anaandika uongo au hakujali.

Kenya mambo ni mengine. Desemba 2000 mwanasiasa Nicholas Biwott alituzwa Sh30 milioni dhidi ya waandishi wawili wa Uingereza, kwa sababu ya kitabu kilichogusia mauaji ya Waziri Robert Ouko ya 1990. Duka la vitabu la Nairobi lililokiuza nalo lilishtakiwa. Wauzaji hawakusahau: kitabu cha Michela Wrong kuhusu John Githongo kilipotoka mwaka 2009, maduka mengi ya Nairobi yaliogopa kukiweka rafuni, kikasambazwa kwa njia za pembeni.

Kwa hivyo msomaji wa soko kama Kanja, kaunti ya Embu, ambako duka la vitabu hutegemea vitabu vya shule, hatarajii kukuta wasifu wa kichokozi kuhusu tajiri wa mapambo au mapishi wa humu nchini. Anachopata ni tawasifu ambayo tajiri ameiandika mwenyewe au kumlipa mtu amwandikie. Yale mengine husimuliwa kwa mdomo ndani ya matatu, bila tarehe na bila shahidi. Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai, lakini Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, imebaki, na fidia zake haziangukii mwandishi peke yake.