Maji ya Longido

"Kaka, leo wewe unalinda mlima," mwenzangu aliniambia, akanisogezea kete chache za upande wa Wajerumani. Ramani aliichora mwenyewe kwa penseli juu ya karatasi ya manila. Tulikuwa Sakina, kando ya barabara inayotoka Arusha kwenda Namanga, na mlima wenyewe ulikuwa Longido, kilomita kama 80 kaskazini mwetu kwa barabara hiyohiyo.

Tarehe ya mezani ilikuwa 3 Novemba 1914. Yeye alikuwa na watu 1,500 wa jeshi la Kihindi la Waingereza, wengi wao Wapunjabi, chini ya Brigedia Jenerali Stewart. Mimi nilikuwa na Meja Georg Kraut: askari Waafrika wapatao 600 na wazungu 86 wa kujitolea, wenye farasi. Kila kete yangu moja ilitazamana na mbili zake.

Mara ya kwanza nilifanya kosa la kila anayeanza. Nilitaka kuulinda mlima wote. Nikatandaza kete zangu kuanzia korongo moja hadi jingine, mwenzangu akachagua sehemu moja, akarundika watu, akarusha dadu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha. Mara ya pili nilimwachia nusu ya mlima. Nikakusanya watu pale risasi zao zingeweza kukutana, nikatuma kete moja ya farasi izunguke nyuma yake. Sikuwa nawatafuta wapiganaji wake. Nilikuwa nawatafuta nyumbu waliobeba maji. Nyumbu wa mizigo, watoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Jeshi la Stewart lilipanda usiku, na kulipopambazuka likajikuta katikati ya risasi za pande mbili. Halikukimbia, lilipigana kutwa nzima bila kusonga mbele. Asubuhi hiyo kikosi kidogo cha Wajerumani kilivamia msafara wa mahitaji, nyumbu wa maji wapatao 100 wakapotea, na baadhi ya wapagazi wakatoroka. Anayeijua njia ya Longido wakati wa jua kali hahitaji kuelezwa zaidi. Giza lilipoingia, Waingereza waliteremka wakarudi walikotoka. Wiki hiyohiyo, huko Tanga, jeshi jingine la watu wapatao 8,000 lilikuwa linashindwa na walinzi wapatao 1,000.

Nilifurahi sana kushinda, na furaha hiyo ikanifanya nijione mjuzi. Nikadhani nimeipata siri: aliye mchache ashike maji, asubiri. Mwenzangu hakubishana. Wiki iliyofuata alileta ramani ya Lolkisale.

Lolkisale ni kilima kilichosimama peke yake nyikani, kusini-magharibi mwa Arusha. Mwanzoni mwa Aprili 1916, Waingereza wakiwa wameshaichukua Arusha, kikosi cha Wajerumani kilikuwa juu yake na chemchemi mkononi. Chini yake walikuwapo Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, wengi kuliko walinzi, na farasi wao hawakuwa na maji. Kwa hesabu yangu ya Longido, wa chini ndio waliopaswa kuondoka. Lakini kilima kilikuwa kimezingirwa. Baada ya siku chache za mapigano kamanda wa Kijerumani alijeruhiwa, kikosi kikasalimu amri, na askari zaidi ya 400 wakatekwa. Walikuwa na maji, ila hawakuwa na njia ya kutokea.

Hapo ndipo nikarudi kuisoma Longido upya. Kraut hakukaa pale milele. Wiki mbili hivi baada ya ushindi wake aliuacha mlima, maana kuwalisha watu pale kulikuwa kugumu, na Waingereza wakaingia bila vita. Hakupoteza kitu alichokipenda. Longido ulikuwa mlima wa Wamaasai na maji yao. Yeye alikuwa mpita njia mwenye bunduki, kama Stewart tu. Mlinzi aliye mchache, akiweza kuondoka wakati wowote, ana silaha kubwa ambayo haihesabiwi kwenye kete.

Swali lililobaki lilikuwa chungu zaidi. Je, asiyeweza kuondoka? Tulijaribu kuuchora mwaka 1896 kwenye miteremko ya Meru. Oktoba mwaka huo wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Johannes akaja kutoka Moshi na askari wenye bunduki za kisasa na kundi kubwa la wapiganaji wa Kichaga. Waliwapiga Wameru na Waarusha, wakachoma nyumba, wakakata migomba, wakaswaga ng'ombe.

Mchezo haukuenda. Kila nilipowarudisha nyuma wapiganaji wangu ili kuokoa nguvu, kama nilivyofanya Longido, mwenzangu alikata migomba. Kila nilipowarudisha kuilinda migomba, bunduki ziliwamaliza. Tulirusha dadu mara tatu tukaacha. Si kwamba Wameru na Waarusha hawakujua vita. Walikuwa wanalinda shamba, na shamba halina mahali pa kurudi nyuma. Miaka michache baadaye watu hao walilazimishwa kujenga Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na vijana wa mjini hupita getini kila siku wakienda zao. Mimi pia nilipita miaka mingi bila kuuliza mawe yale yalibebwa na nani.

Nikaona pia kilichokuwa kinanisumbua tangu ile siku ya kwanza. Nilishangilia ushindi wa Kraut kwa sababu alikuwa mchache, na mtu humpenda mchache. Lakini uchache wake ulikuwa wa siku moja na mlima mmoja. Miaka 18 tu kabla ya hapo, hapahapa, jeshi hilohilo ndilo lililokuwa na nguvu.

Mwisho tuliirudia Longido, safari hii na kanuni mpya. Tuliwaongeza wapagazi. Katika vita ile pande zote mbili ziliwachukua kwa wingi mno, na waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao upande wa Waingereza. Tuliwaweka kama maharage: kila kete ya wapiganaji ilihitaji maharage mawili ili isogee, na kila usiku tulirusha dadu kuona mangapi yametoroka.

Mwenzangu alikuwa na maharage 20. Usiku wa kwanza yalibaki 13. Usiku wa pili tisa, na Wapunjabi wake wakasimama katikati ya nyika, mlima ukiwa bado mbali. Na mimi, niliyekuwa nimekaa tu juu ya maji yangu, nilibaki na manne.

"Nani ameshinda?" akauliza.

Tukayatazama maharage yaliyokuwa pembeni mwa ramani. Hayo ndiyo pekee yaliyokuwa yamekwenda nyumbani.