Kromatografia

Kromatografia ni jina la jumla la mbinu za kutenganisha viambato vya mchanganyiko kwa kuupitisha juu ya kitu kisichosogea, huku kimiminika au gesi ikiusukuma mbele, ili kila kiambato kisafiri kwa mwendo wake na kutoka kwa wakati wake. Kitu kinachobaki mahali pake, mathalani unga laini wa silika ulioshindiliwa ndani ya neli, huitwa awamu tuli, na kile kinachopita huitwa awamu tembezi. Katika miaka ya mwisho ya shahada ya kwanza ya kemia mbinu hii hufundishwa vipande vipande: mwanafunzi huikuta katika kemia changanuzi kama njia ya kupima, katika kemia ogania kama njia ya kusafisha zao la mmenyuko, na katika kemia fizikia kama mfano wa msawazo. Mpango huo hurahisisha ratiba kuliko uelewa, kwa sababu ni maswali machache sana ya kromatografia yanayojibika kwa tawi moja peke yake.

Mwanzilishi wake alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi Mikhail Tsvet (1872–1919), aliyelieleza jaribio lake mjini Warsaw mwaka 1903 na kulichapisha kwa ukamilifu zaidi mwaka 1906. Alijaza unga wa kalisi kabonati ndani ya neli ya kioo, akamimina juu yake dondoo la majani, kisha akaendelea kumimina kiyeyushi, na rangi za majani zikajitenga kuwa mikanda, klorofili za kijani na karotinoidi za manjano kila moja mahali pake. Baadhi ya wanakemia wenye sauti wa enzi hiyo hawakuiamini njia hiyo, nayo ikakaa pembeni hadi mwaka 1931 ilipofufuliwa mjini Heidelberg katika utafiti wa karotini. Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa Archer Martin na Richard Synge, waliokuwa wakichunguza asidi amino za sufu mjini Leeds, Uingereza: mwaka 1941 walionyesha kwamba maji yaliyoshikwa na chembe za silika yanaweza kuwa awamu tuli, na klorofomu ikawa awamu tembezi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952. Makala yao ilidokeza pia kwamba awamu tembezi ingeweza kuwa gesi. Dokezo hilo lilikaa miaka kumi na zaidi bila kushughulikiwa, mpaka Martin mwenyewe alipolitekeleza pamoja na Anthony James.

Msingi wa utengano ni msawazo wa mgawanyo, yaani kila molekuli hushika na kuachia awamu tuli mara nyingi njiani, na uwiano wa kiasi kilichoshikwa kwa kiasi kinachoelea, unaoandikwa k, ndio unaoamua muda wa kutoka. Kwa kuwa k hutegemea nishati ya kushikwa, mchoro wa logi asilia ya k dhidi ya kinyume cha halijoto mara nyingi huwa mstari mnyoofu ambao mteremko wake hutoa badiliko la enthalpia. Hivyo mashine iliyonunuliwa kwa kazi ya upimaji yaweza kutumika kama chombo cha thermodinamiki bila kuongezwa kifaa chochote cha maana.

Msawazo pekee hautoshi, kwani kundi la molekuli za aina moja hutawanyika kadiri linavyosafiri, na vilele viwili vilivyo karibu kwenye mchoro wa kitambuzi, kila kimoja cha kiambato chake, huweza kumezana. Ubora wa neli hupimwa kwa idadi ya sahani za kinadharia (hatua za kufikirika za msawazo), N, ambayo ni mara 16 ya mraba wa muda wa kutoka uliogawanywa kwa upana wa kilele kwenye kitako chake. Kilele kinachotoka dakika ya 8 kikiwa na upana wa dakika 0.4 huonyesha sahani 6,400, na kama neli ina urefu wa milimita 250, kila sahani ina kimo cha takriban milimita 0.04. Mwaka 1956 J. J. van Deemter na wenzake waliandika kimo hicho kuwa H = A + B/u + Cu, ambapo u ni mwendo wa awamu tembezi, A ni athari ya njia nyingi zisizolingana kati ya chembe, B ni mtawanyiko wa molekuli kwenda mbele na nyuma, na C ni ucheleweshaji wa kuhama kati ya awamu mbili. Mwendo ulio bora ni kipeuo cha pili cha B/C. Mbele ya hapo haraka hulipiwa kwa vilele vipana, na nyuma yake uvivu hulipiwa vivyo hivyo, jambo ambalo wanafunzi wengi hushangaa kulikuta maabara baada ya kudhani kwamba mwendo wa polepole daima ni salama. Tena, kwa kuwa utengano hukua kwa kipeuo cha pili cha N, kuuongeza maradufu hudai neli yenye urefu mara nne; ndiyo sababu mchambuzi mzoefu hubadilisha kwanza kiyeyushi au awamu tuli.

Hapo kemia ogania huingia. Uso wa silika una vikundi vya hidroksili vinavyoshika molekuli za polari, yaani zenye mgawanyo usio sawa wa chaji, kwa hiyo alkoholi hubaki nyuma ya hidrokaboni. Uso huohuo ukiunganishwa na minyororo ya kaboni 18, mpangilio hugeuka: zile za polari hutangulia, na kiyeyushi huwa maji yaliyochanganywa na methanoli au asetonitrili. Mfumo huu uliogeuzwa ndio unaotumika zaidi leo katika uchambuzi wa dawa na vyakula.

Sumukuvu, sumu ya kuvu wa jamii ya Aspergillus kwenye mahindi na karanga, huonyesha vizuri jinsi matawi hayo yanavyokutana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1, iliyo kali kuliko zote. Aina nne kuu, B1, B2, G1 na G2, hung'aa zikimulikwa kwa miali ya urujuanimno ya nanomita 365, mbili za kwanza rangi ya samawati na mbili za mwisho rangi ya kijani, na mng'ao huo huwezesha kitambuzi kuona kiasi kidogo mno. Shida ni kwamba maji ya mfumo uliogeuzwa huufifisha mng'ao wa B1 na G1, yaani sumu iliyo mbaya zaidi ndiyo inayojificha. Suluhisho hutoka katika muundo wa molekuli: B1 na G1 zina kiungo maradufu kwenye pete yao ya mwisho ambacho B2 na G2 hazina, na asidi ya trifluoroasetiki husaidia maji kujiunga mahali hapo, na kuzaa hemiasetali zinazong'aa sana. Lakini hemiasetali hizo zimepata hidroksili, zimekuwa za polari zaidi, na kwa hiyo hutoka mapema: mpangilio wa awali, G2, G1, B2, B1, hugeuka kuwa G1, B1, G2, B2, na mchambuzi anayesoma vilele kwa mazoea ya mpangilio wa kwanza atairipoti sumu kwa jina lisilo lake.