Utoaji Mimba na Kura ya Wakristo Marekani

Utoaji mimba ni miongoni mwa masuala ambayo Wakristo wa Marekani huyatumia kumpima mgombea, hasa wa urais na useneta. Uzito wake hutofautiana. Wapo ambao suala hilo peke yake hutosha kumkata mgombea, na wapo wanaoliweka kundi moja na bei ya vyakula, uhamiaji, vita na ubaguzi wa rangi.

Chimbuko

Anayetazama siasa za leo hudhani Waprotestanti wa kiinjili walikuwa mstari wa mbele tangu mwanzo. Sivyo. Mwaka 1971 Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la kiinjili, walipokutana St. Louis, walipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu mimba kutolewa pale mwanamke alipobakwa, mimba ilipotokana na kujamiiana kwa maharimu, mtoto tumboni alipoonekana kuwa na kasoro kubwa, au afya ya mama, ya mwili ama ya akili, ilipokuwa hatarini. Wakati huo waliopiga kelele zaidi walikuwa Wakatoliki. Hata hukumu ya Mahakama ya Juu ya Roe dhidi ya Wade, iliyotambua haki ya kutoa mimba na kutolewa Januari 22, 1973, haikuwainua Wabaptisti mara moja. Mwaka 1976 Jimmy Carter, Mbaptisti mwenzao na mwalimu wa shule ya Jumapili, alishinda urais kwa tiketi ya Democratic, akizoa majimbo yote yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, isipokuwa Virginia.

Upepo uligeuka mwaka 1979, mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg alipoasisi Moral Majority, jumuiya ya kisiasa ya Wakristo wahafidhina. Mwaka uliofuata ilani ya Republican iliunga mkono marekebisho ya katiba ya kulinda mtoto aliye tumboni, na Wabaptisti wa Kusini wakapitisha azimio la mwelekeo huohuo. Mgombea wa Republican, Ronald Reagan, ndiye aliyetia saini sheria ya kulegeza masharti ya kutoa mimba mwaka 1967 akiwa gavana wa California. Alisamehewa upesi.

Wakatoliki

Maaskofu hufundisha kwamba utoaji mimba ni uovu, lakini mwongozo wao wa mwaka 2007 haukufunga mlango: muumini anaweza kumchagua mgombea anayeutetea iwapo ana sababu nyingine nzito za kimaadili, mradi hamchagui kwa sababu ya utetezi huo. Mwaka 2004 Askofu Mkuu Raymond Burke alitangaza kuwa hangempa komunyo John Kerry, mgombea urais wa Democratic. Kerry, Mkatoliki, alipata kura chache za Wakatoliki kuliko mpinzani wake wa Republican, George W. Bush, Mmethodisti.

Trump na majaji

Mwaka 1999 Donald Trump alijieleza kwenye televisheni kuwa mtetezi wa haki ya kutoa mimba. Mwaka 2016 alichapisha orodha ya watu ambao angechagua miongoni mwao majaji wa Mahakama ya Juu, na Waprotestanti weupe wa kiinjili wapatao 8 kati ya 10 ya waliopiga kura walimchagua. Kwa baadhi yao, orodha ile ilikuwa na uzito kuliko mwenendo wake. Aliteua majaji watatu, na wote watatu walikuwa upande wa walioifuta Roe Juni 24, 2022.

Baada ya Roe

Suala lilipopigiwa kura peke yake, bila sura ya mgombea, matokeo yaliwashangaza wengi. Kansas, jimbo la Republican, ilikataa Agosti 2022 kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yake. Novemba 2024 Missouri iliuingiza ulinzi huo katika katiba, siku ileile iliyompa Trump ushindi mkubwa humo. Trump mwenyewe alikwisha kusema kila jimbo lijiamulie.

Makanisa ya Weusi

Waumini wengi huchagua Democratic, hata pale wachungaji wao wanapopinga utoaji mimba.

Kenya

Nje ya Marekani pia suala hili limegusa kura. Katika kura ya maoni ya Kenya ya Agosti 4, 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini kuikataa rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu cha 26(4), kinachoruhusu mimba kutolewa maisha au afya ya mama inapokuwa hatarini, na kwa sababu ya mahakama za kadhi. Rasimu ilipita kwa takriban asilimia 67, katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wakristo. William Ruto, kinara wa kambi ya Hapana, aliapishwa kuwa rais chini ya katiba hiyohiyo Septemba 2022.