Garissa: Sensa Kabla ya Kura

Wapenzi wa takwimu za uchaguzi aghalabu huanza kazi yao usiku ule kura zihesabiwapo. Lakini hapa Garissa, mji ulio kando ya mto Tana, mwenye kutaka kuzifahamu hesabu za siasa hana budi kuanzia usiku wa tarehe 24 Agosti 2009, makarani wa sensa walipotawanyika nchi nzima, wakawafuata hata wachungaji wa ngamia nyikani.

Matokeo yalipotangazwa tarehe 31 Agosti 2010, mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao mwaka 1999 ulikuwa na watu 962,143, ulionekana umefika 2,310,757. Na papo hapo Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, akazibatilisha hesabu za wilaya nane, tano kati yake zikiwa za mkoa huu: Lagdera ya Garissa, Wajir Mashariki, na tatu za Mandera. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu, kwamba ongezeko lile halikupatana na vizazi na vifo, wala watu hawakujipanga kwa umri na jinsia kama wajipangavyo penginepo. Ndicho kipimo kile kile kimtiacho mashakani msimamizi wa kituo ambaye kura zake zimewazidi waliojiandikisha. Walakini kipimo huonyesha kasoro, hakimtaji mwizi. Na hesabu ya 1999 nayo haikuwa msahafu, kwani ikiwa wafugaji wengi waliachwa siku zile, ongezeko la baadaye lingeonekana la kutisha hata kama hapana aliyedanganya.

Ugomvi haukuwa wa bure. Katiba iliyozinduliwa siku nne kabla ya tangazo hilo ilifungamanisha mipaka ya maeneobunge na idadi ya watu, na mipaka mipya ilipochorwa mwaka 2012, viti vya mkoa vilitoka 11 vikawa 18. Kwa hiyo mchambuzi wa siasa Mutahi Ngunyi alipodai, kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kwamba mshindi alikwisha kupatikana siku daftari la wapiga kura lilipofungwa, sisi wa huku tulimwona amechelewa: kwetu shauri huanza kukatwa mlangoni pa nyumba, karani aulizapo wangapi wamelala humu.

Sensa ya 2019 ikageuza lawama. Mandera, iliyoandikiwa watu 1,025,756 katika hesabu zile zilizozua zogo, sasa ikaambiwa ina 867,457, na waliokuwa wakituhumiwa kuzidisha wakawa walalamikaji wa kupunjwa. Mashauri yakafuata, hata Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Garissa ikayatangua matokeo ya sensa hiyo katika Mandera, Wajir na Garissa, ikaamuru watu wahesabiwe upya.