Fare za kushoto ku barabara ya kuume

Kila mtu mwenye kusafiri usiku kati ya Likasi na Lubumbashi anajua hii mambo. Gari inakuja mbele yenu, mwangaza wake unawachoma macho, shofere wenu anapiga fare mara mbili ili kumwambia mwenzake: tia kode! Na yule mwenzake anajibu kwa kuwasha fare zake za kweli, mwangaza unakuwa mara mbili. Kumbe alikuwa ku kode tangu mwanzo.

Basi, namna gani kode, taa iliyofanywa makusudi isimchome mtu macho, inachoma watu macho kila usiku hapa kwetu? Wengi wanasema ni ukosefu wa adabu wa mashofere. Adabu iko na sehemu yake, sikatai. Lakini sehemu kubwa ni historia, na ile historia imekaa ndani ya taa, katika kipande kidogo cha bati ambacho watu wengi hawajakiona hata siku moja.

Magari ya kwanza yalimulika kwa karbidi. Maji yanadondoka juu ya karbidi, gesi ya asetileni inatoka, unawasha kiberiti. Wazee waliofanya kazi mu migodi wanajua vizuri harufu yake. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye kuwashwa na kumulikwa kwa umeme, na 1913 Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza taa, dinamo na regulata pamoja. Umeme ulileta mwangaza mkali, na mwangaza mkali ukaleta ugomvi barabarani. Tangu hapo mafundi wa taa wako na kazi moja: shofere aone mbali bila kumpofusha anayekuja.

Jibu la kwanza lilikuwa kuinamisha taa. Mwaka 1915 kampuni ya Guide Lamp ilitoa taa za kuinama, ila shofere alipashwa kusimamisha gari, kushuka na kuziinamisha kwa mkono. Fikirieni ile kazi na mvua! Mwaka 1917 Cadillac ikaweka fimbo ndani ya gari. Kiisha, 1924, ikatokea ampule ya Bilux yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi moja wa kupiga mbali, ingine wa kupiga chini. Kwa Kifaransa ile taa ya chini ilipewa jina la Code de la route, sheria iliyoilazimisha, njo maana mpaka leo sisi tunasema kode. Wafaransa walijaribu tena njia ya rangi: tangu miaka ya 1930 mpaka 1993 magari yao yalipashwa kuwa na taa za manjano. Rangi ilikula sehemu ya mwangaza, lakini haikubadilisha njia ambayo mwangaza unapita.

Hapa sasa tunafika ku jambo lenyewe. Ile kode ya zamani ilikuwa sawasawa pande zote mbili: mwangaza ulikatwa kama kwa rula, juu giza, chini mwanga. Hakuna aliyepofuka sana, lakini hakuna aliyeona mbali. Hesabu ni nyepesi. Taa ikiwa sentimeta 65 toka chini na inainama sentimeta 10 kwa kila mita 10, basi ku mita 50 mwangaza unasimama sentimeta 15 tu juu ya udongo. Mtu anayetembea pembeni, kwa hiyo umbali, unaona viatu vyake. Kinga, yaani baiskeli, unaona sehemu ya chini ya magurudumu.

Mwaka 1957 Ulaya ilikubali kode ya namna ingine, isiyo sawa pande zote. Upande wa gari zinazokuja, mwangaza unabaki umekatwa chini. Upande wa pembeni ya barabara, ule wa watu wa miguu na kinga, mstari unapanda juu kwa pembe ya digri 15. Kwa nchi zinazoendesha kuume, mwangaza unapanda kuume. Kwa nchi za kushoto, unapanda kushoto. Ni akili kubwa kabisa, na kwa maoni yangu hiyo digri 15 imeokoa watu wengi kuliko mapambo yote ambayo tunaweka ku gari leo. Lakini ilizaa neno jipya: tangu 1957 taa iko na upande. Mbele ya hapo ungeweza kuvuka mpaka na taa yako bila shida. Sasa taa ya Uingereza, ukivuka nayo mpaka Ufaransa, inapanda moja kwa moja mu macho ya watu.

Wasweden walielewa hilo vizuri. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi yao yote ilihama toka kushoto kwenda kuume, kwa siku moja. Mbele ya ile siku walikuwa wamekwisha kuuza taa mpya za kuume, lakini kioo cha kila taa kilibandikwa karatasi nyeusi juu ya ile sehemu inayopandisha mwangaza, na maandishi ya kukataza kuibandua mbele ya 3 Septemba. Siku ilipofika watu walibandua ile karatasi. Taa nyingi zilikuwa za duara, za kipimo kimoja, kwa hiyo kuzibadilisha hakukula pesa mingi. Na mabasi yao ya zamani yenye milango ya upande wa kushoto? Mengine waliyauza Kenya, nchi ya kushoto, ambako bado yalikuwa na maana. Nchi iliyobadilisha upande ilihesabu mpaka taa.

Ile karatasi ya Wasweden ilifaa juu ya aina ya taa ya wakati ule. Kioo cha mbele kilikuwa na mistari mingi, na kila sehemu ya kioo ilituma mwangaza mahali pake. Ukifunika sehemu moja, unafunika kipande kimoja cha barabara. Mwaka 1986 BMW ilitoa gari yake ya Serie 7 na kode ya projekta, ile yenye lenzi ya mviringo kama jicho la samaki, na mambo yakageuka. Ndani ya projekta, ampule inakaa ndani ya kioo chenye umbo la yai. Mwangaza wote unakusanyika mahali pamoja mbele yake, na pale pamesimamishwa kibati. Kibati kinazuia sehemu ya chini ya mwangaza, halafu lenzi inageuza picha yote juu chini, kuume kushoto. Kivuli cha kibati njo kinakuwa ule mstari mnaouona ku ukuta: juu giza, chini mwanga. Na ile digri 15 ni pengo tu ku ukingo wa kibati. Pengo likiwa kushoto, mwangaza unapanda kuume. Likiwa kuume, unapanda kushoto.

Sasa turudi kwetu. Wabeljiji walituachia kuume. Waingereza waliacha Zambia, Tanzania na Uganda kushoto. Japani pia ni kushoto, na magari mingi ya mkono wa pili tunayonunua yanatoka kule: Ist, Noah, Hiace, na mengine mnayajua. Kila moja ilitoka kiwandani na taa zinazopanda kushoto. Zikifika ku barabara yetu, zinaharibu pande mbili kwa mara moja. Mwangaza unaopanda unakwenda kushoto, ndani ya macho ya anayekuja. Na ku kuume, pale penye mtu wa kinga aliyebeba mifuko ya makala toka saa tisa ya usiku, bila taa, bila kitu cha kung'aa, mstari unabaki chini: magurudumu tu. Shofere anayekuja naye amepofuka. Kwa hiyo huyu mzee wa makala haonwi na mmoja wala na mwingine. Watu wakisema "alijitupa mbele ya gari", mimi ninauliza kwanza taa ilikuwa ya upande gani.

Kuna jambo lingine linanishangaza. Watu wanapeleka gari kwa mekanisie ili volani ihamishwe toka kuume kwenda kushoto. Kazi nzito: dashibodi inatoka, pedali zinahama, nyaya zinarefushwa. Gari inatoka garaji, mwenyewe anafurahi, sasa iko gari ya Kongo. Taa hazikuguswa! Volani imehama, macho ya gari yamebaki Japani.

Kiisha watu wanatafuta dawa, na mingi inazidisha ugonjwa. Ya kwanza ni kutia ampule ya xenoni au LED ya bei ndogo ndani ya taa iliyofanyiwa halojeni. Ku taa ya kioo cha kawaida mwangaza unatawanyika kila mahali, juu ya ile ampule mpya haimuliki pale pale uzi wa zamani ulipokuwa. Ku projekta kibati kinabaki, ni kweli, lakini pengo lake linabaki pia, na sasa linapitisha mwangaza mkali zaidi kwenda upande mbaya. Ulaya, taa ya nguvu ya namna ile inapashwa kuwa na mashine ya kujisawazisha yenyewe na ya kusafisha kioo. Ya pili ni kubandika skochi juu ya lenzi ya projekta. Wanaiga Wasweden bila kujua, lakini pale kila sehemu ya lenzi inabeba picha karibu nzima: ukifunika robo, barabara yote inapoteza mwangaza na mstari unapanda vilevile.

Ya tatu ni kuinamisha taa zote mbili chini sana. Inapunguza kuchoma, na kwa usiku moja inaweza kufaa, ila yule wa kinga unazidi kumpoteza.

Dawa ya kweli iko ku kibati. Projekta zingine za Ulaya ziko na fimbo ndogo ndani, ya kugeuza kibati kwa msafiri anayevuka kwenda nchi ya upande mwingine. Unaisukuma na bisibisi, imekwisha. Ku zile za Japani mara nyingi haipo. Pale fundi anapashwa kufungua taa, kupima kibati, na kukata kingine cha chuma chembamba chenye pengo upande wa pili, kukirudisha mahali pale pale, kikifuata mpindo ule ule wa cha kwanza. Akikosa kwa milimeta moja, mstari unapanda au unashuka kabisa. Plastiki na karatasi ya sigara hapana, joto la ampule litakula. Asiyeweza kufungua pengo jipya, angalau afunge la zamani: anapata kode sawasawa pande zote, kama ya mbele ya 1957. Haoni mbali kuume, lakini hamchomi mtu.

Na hata kibati kizuri kinashindwa na mizigo. Mimi ni mtu wa mashamba, ninajua tunavyopakia. Gari yenye mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ukiweka mifuko ya mahindi nyuma ikashuka sentimeta 5, taa zinainuka kwa asilimia 2. Mstari uliokuwa unashuka asilimia 1 sasa unapanda asilimia 1. Ku mita 50 uko nusu mita juu ya taa, yaani sawa na macho ya shofere wa gari ndogo. Magari mengi yako na kigurudumu karibu na volani, kimeandikwa 0, 1, 2, 3. Kile njo kazi yake. Nimeuliza mashofere wengi. Wawili tu walikuwa wanajua.

Kupima ni bure. Simamisha gari mahali pa sawa, mita 10 toka ku ukuta, usiku, ku kode. Tazama mstari: sehemu iliyolala iwe karibu sentimeta 10 chini ya kimo cha taa, na ngazi ipande kuume. Ikipanda kushoto, mumejua.

Ninaandika hii juu ya wenzetu wa Polytechnique wanaosoma ukurasa huu. Kibati cha projekta ni kazi ya chuma chembamba, kalipa, kisu cha kukata na subira. Aina za taa zinazojaa ku barabara zetu si mingi. Mtu akipima vibati vya gari tano zinazouzwa sana, akachora michoro yake na kuiweka hapa, mekanisie wa Kenya au wa Katuba atakuwa na kitu cha kufuata. Mimi niko tayari kuleta taa mbili za zamani za kufanyia majaribio. Nani analeta kalipa?